Weye wa Nani?

Mama mshauri, nakuja kwako na shida yangu, barua hii ananiandikia jirani yangu Félicité maana minye sikusoma, nisikilize tu. Minye ni Kankindi, Murundi, nimeolewa upande huu wa mto Ruzizi, nachambua pamba katika kibanda kimoja karibu na Katogota, nyeupe huku, yenye madoa kule, na nyuzi zake zinaelea hewani asubuhi hata sijui kama nimeamka ao naota, na mara nyingine nakiona kabisa kilima cha kwetu ng'ambo, mama amesimama mlangoni ananiita, Kankindi we!, nami naitika kama tunavyoitika kwetu, Karame!, mpaka wenzangu wananicheka.

Basi shida ni asubuhi, karani Basile anapoita watu, daftari mkononi. Wanaume anawauliza, "Weye nani?" Sisi wanawake, "Weye wa nani?" kwa kuwa tumeandikwa chini ya mwanaume mwenye karatasi ya kazi, na karatasi yetu ni ya baba mkwe, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata ndotoni. Nasimama, natazama chini. Rafiki yangu Claire alilitaja kwa niaba yangu, karani akamfokea, "Kila mutu ajisemee!" akaandika kwamba sikuwepo, na kazi nikaifanya mpaka jua likashuka, mama, kwa mikono yangu hii! Ni mara mbili sasa, ya tatu ni kufukuzwa, na minye kazi ile naipenda. Mume wangu Onesphore anasema, "Iache, kazi iko ya wanaume." Nikitaja nimemvunjia mzee heshima, nisipotaja nimekwisha. Nifanye nini?

JIBU

Pole, Kankindi mwanangu. Lakini pole haichambui pamba, kwa hiyo sikiliza.

Umenitajia jina la karani, la rafiki, la mume. La baba mkwe umeliruka, na umefanya vema. Heshima hiyo usiivunje kwa ajili ya daftari la Basile. Ila lako mwenyewe umemtajia mara ngapi? Hata mara moja! Umesimama pale kama mgeni kwenye msiba wa watu. Ala! Mila gani, ya kwenu ao ya huku, inamkataza mwanamke kutaja jina alilopewa na mama yake?

Jumatatu fika mapema, daftari halijafunguliwa. Nenda na Claire na wanawake wote wa kibanda, maana mkono mmoja haufungi mzigo. Mwambieni awaandike kila mmoja kwa jina lake. Akikataa, nendeni pamoja kwa mkubwa wake, na pamba ingoje. Madoa hayatajichambua yenyewe.

Onesphore naye mwambie nimemsikia. Kazi unayoifanya weye inakuwaje ya wanaume?

Na karani akikuuliza tena, "Weye wa nani?", usitazame chini. Mama yako akikuita toka ng'ambo unaitika bila kufikiri. Mwitikie na huyu hivyo hivyo: "Karame! Ni minye, Kankindi."