Goti la Ngazi

Jumatatu, 4 Agosti

Choroko nimeloweka. Bado niko eda, kazi zangu ni za ndani. Asubuhi wamekuja vijana wa mpira wa kikapu kutoka Lindi, mashabiki wa marehemu mume wangu. Wanataka kusoma wasifu wake kwenye arobaini, Jumamosi. Nimewasikiliza nyuma ya pazia.

Wanamwita Ngazi, kama enzi zake uwanjani. Kwao Rashidi hakuwahi kukosa mtupo. Hakuwahi kukasirika. Aliumia goti akiipigania nchi, akarudi Mchinga shujaa. Goti hilohilo lilikuwa likipanda minazi.

Jumatano, 6 Agosti

Usingizi hauji. Miaka yote nimejiuliza. Mtu yuko timu ya taifa, magazeti yanamtaja, ghafla anarudi kuangua nazi? Nikiuliza: goti. Mwanetu wa Mwanza alimtumia tiketi ya ndege akamwone mjukuu. Inapitia Dar. Akakataa. Goti! Nikajua Dar kuna mwanamke. Labda na mtoto. Namwonea wivu mume aliyekwishazikwa. Aibu, lakini ndivyo.

Alhamisi

Saidi amesema atakuja. Mtani wa Rashidi, konda wa zamani wa basi la Dar. Mtani msibani hazuiwi, anasema lolote. Vijana wanahofia wasifu wao. Mimi namwogopa zaidi yao. Kama huyo mwanamke yupo, Saidi anamjua.

Jumamosi, 9 Agosti

Wasifu umesomwa. Goti, nchi, ushujaa. Watu wakapangusa machozi. Mimi nachungulia dirishani.

Msomaji hajakaa, Saidi huyo uani, kajifanya Rashidi. Fulana ya mazoezi, mpira kwapani, magoti yote mawili yanatetemeka.

"Konda, nifiche bwana! Wanataka kunipandisha ndege!"

Akajikunja nyuma ya sufuria la pilau. Watu hoi. Kisha akaeleza. Timu ilikuwa inakwenda kucheza nje. Rashidi alitoroka uwanja wa ndege, akadandia basi la Saidi, akajifunika shuka gubigubi. Hakufunua uso mpaka Nangurukuru, alipoomba chai. Akamwapisha Saidi asiseme maadamu Rashidi yu hai.

Ndege. Ndege tu!

Vijana wamenuna. Mwenyekiti wao anasema utani umepita kiasi. Mimi nimecheka mpaka wifi akaniziba mdomo. Halafu nikalia, kwa hasira. Si angeniambia? Ningemcheka wiki moja, yakaisha. Badala yake nimelala miaka na mwanamke asiyekuwepo.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameondoka. Vijana wameacha picha yake kubwa. Yuko hewani, mkono kwenye ringi. Chini wameandika: HAKUOGOPA KITU. Nimeitundika sebuleni. Amependeza.

Mchana ndege imepita juu. Watoto wa jirani wakakimbilia nje kuipungia. Wakati kama huo Rashidi alikuwa akiingia ndani, ananiuliza kama maji yamechemka.

Nimekwenda kuangalia maji.