Kadi ya Meli

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila bati la jikoni linavuja, na mama bado hasemezani na jirani kwa ajili ya kuku.

Tangu baba apooze, Kiswahili chote kimemtoka. Kimebaki Kiingereza cha lile somo alilofundisha miaka nenda miaka rudi, la wavumbuzi wa baharini na biashara ya wakoloni. Basi nimezitoa kadi zake za darasani, zenye picha na maneno, ndizo tunazotumia kuzungumza naye. Akitaka kulala, anaonyesha bandari. Chakula ni shehena. Mama ni dira, naye anacheka: "Uzeeni ndipo kanijua!" Mimi ni nanga, maana sikuondoka.

Jumapili nilimwonyesha picha yako. Alizipekua kadi zote, akachomoa ya meli, na tangu hapo haimtoki mkononi. Mlango ukigongwa anaiinua na kulitamka neno lake. Akiona ni jirani, anaishusha.

Daktari siku hizi hanitazami usoni akiniaga.

Usiniandikie tena kwamba kazi zimekubana. Njoo. Na akikuita meli, itika.

Dada yako,
Nanga