Baiskeli ya Kupeleka Hewa

Masumbwe, Jumatano

Shemeji Magesa,

Habari za Mwakitolyo? Huku dada yangu Scolastika hajambo. Ameuza dengu vizuri, na bado analalamika kwamba aliolewa na mtu anayekoroma. Mimi kitambi kimezidi; nikipanda baiskeli ya mteja kuijaribu, mteja anaingiwa na hofu.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana naandika. Wiki iliyopita msimamizi wenu, Feisal, aliniletea ile baiskeli mnayoikanyaga kuzungusha feni ya kupeleka hewa shimoni mnakochimba dhahabu. Alikuwa amenunua gia mpya tisa na cheni yake nyembamba, lakini kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa cha zamani, cha gia sita. Nikamwambia haviendani: cheni itakwama kati ya gia mbili, itaruka, na hewa itakatika. Akacheka.

"Fundi, hii haiendi mashindanoni. Inapuliza hewa tu!"

Akaenda kufungiwa kwa fundi mwingine.

Leo asubuhi amerudi. Ile cheni mpya ameishika mkononi, imekatika, anataka nyingine haraka. Nikamuuliza imekatika lini, na nani alikuwa chini.

"Fundi, wewe nipe cheni."

Nimempa, pamoja na kidude kinachofaa. Na barua hii nimempa akukabidhi wewe mwenyewe. Scolastika anaimba jikoni, sijamwambia kitu.

Shemeji, nijibu kwa mwandiko wako, hata kama ni kunitukana tu.

Shemeji yako mwenye kitambi,
Makoye