Nilimkuta Getruda Akiwa Hai

Mpendwa Bi. Mwamvita, mshauri wetu,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijazidi kuharibika, maana mke wangu Leonia amesema nisipomwambia mtu mwingine jambo hili yeye atarudi kwao Choma, na mimi mtu wa kumwambia sina, kwa sababu hapa kijijini kila anayenisalimu ananisalimu kama mtu mwema, na mimi naitikia.

Mimi ni mlina asali, Mkatoliki, nakaa upande wa Kaliua, karibu na njia ya zamani ya misafara. Mizinga aliyoniachia baba imebaki ndani ya msitu ule ambao Serikali iliufunga kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na huruhusiwi kuingia bila kibali, lakini mimi nimezoea kuingia kwa kujificha, na siku ile ndege ya abiria ilipoanguka nilikuwa huko, juu ya mti, nikaisikia inakoroma kama gari lililokwama kwenye tope, ikapita karibu sana na matawi, kisha kishindo, kisha kimya, hata njiwa wakanyamaza.

Nilishuka nikakimbilia huko, Bi. Mwamvita, na nilikimbilia huko nikitaka kusaidia, naomba uniamini kwa hilo moja. Nilikuta miti imekatika, vyuma vimetawanyika, na watu, Wazungu na Wahindi, wamelala namna ambayo sitaki kuieleza, harufu ya petroli imejaa na moto umeanza kushika nyasi upande wa mbele. Nikaita, "Kuna mtu?" Sauti ya mwanamke ikanijibu kwa Kinyamwezi, nikashtuka kuliko kama ingenijibu kwa Kizungu. Alikuwa msichana, amevaa gauni jeupe la yaya, miguu imebanwa chini ya bawa. Kwanza aliniuliza kama mtoto wa Kizungu aliyekuwa akimlea yuko hai. Nikatazama, nikamwambia simwoni. Akasema, "Kaka, mimi naitwa Getruda, kwetu Kanyenye. Mama yangu ni Mama Tekla anayeuza vitumbua karibu na soko. Mwambie mama, mwanangu Eustace abaki kwake, asimpe baba yake. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Haya, sasa nisaidie kuinua."

Niliinua, bawa halikusogea, nikajaribu tena, na moto nauona unakuja, nikafikiri vyuma vile vikilipuka nitakufa mimi pia, na nikafikiri jambo jingine ambalo ndilo linaloniumiza mpaka leo, nikafikiri kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na askari wake wakija wataniuliza nilikuwa nafanya nini ndani ya msitu. Nikamwambia, "Naenda kuita watu." Akasema, "Usikae sana."

Sikuita mtu. Nilifika nyumbani nikaficha ndoo ya asali, nikaoga, nikakaa kitako. Leonia akaniuliza mbona natetemeka, nikamwambia ni homa.

Kesho yake ndege nyingine ikaja kuzunguka juu ya msitu, na mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, akakusanya wanaume tukatafute, na mimi nikajifanya nabahatisha, nikasema tujaribu upande huu, nikawapeleka moja kwa moja. Moto haukuwa umemfikia, Bi. Mwamvita. Ulizimika wenyewe kwenye mbuga yenye majimaji. Getruda alikuwa amekufa palepale nilipomwacha, na udongo wa kando ya bawa alikuwa ameuchimba kwa mikono.

Bwana Shauri alinipa mkono mbele ya watu wote. Baada ya mazishi Mama Tekla alikuja kwa treni mpaka kwangu, akamletea mke wangu kanga, akanishukuru kwamba kwa ajili yangu mwanawe alizikwa kabla fisi hawajamgusa. Akaniuliza, "Baba, aliteseka?" Nikamjibu, "Hapana, mama, wote walikufa papo hapo." Akasema, "Basi hata neno hakuniachia."

Sasa ameniita Kanyenye kwenye kikao cha kumaliza msiba, anataka nikae na wazee wa familia. Na siku hiyohiyo baba yake Eustace, aliyemwacha Getruda akiwa mjamzito akaenda zake migodini Mpanda, atakuja na ndugu zake kumchukua mtoto. Mama Tekla amekubali, kwa kuwa anasema mwanawe hakuacha usia na yeye ni mjane hana wa kumsemea. Hapo ndipo nilipomweleza Leonia yote, akasema, "Kumbe ile homa."

Nimefikiri niseme kwamba Getruda amenijia ndotoni akaniambia maneno yale, ili mtoto abaki na mimi nisiaibike. Je, itafaa? Tafadhali nijibu upesi.

Mimi niliyekimbia,
Kaliua

JIBU

Marahaba, baba. Umeniomba nijibu upesi, nami nimekujibu kwa posta bila kungoja zamu yako gazetini. Haya ya gazetini nayaweka baada ya wewe na Mama Tekla kuniruhusu, na majina yote nimeyabadili. Jibu nililokutumia lilikuwa hili.

Ndoto haifai. Ndugu wa mwanamume wataicheka, na watakuwa na haki, kwa maana kila mtu anaweza kuota anachotaka. Lakini maneno aliyoyasema mtu kwa kinywa chake, akataja jina lake na la mama yake, hayo ni usia. Wewe unataka kuugeuza usia wa marehemu kuwa ndoto ili uendelee kupewa mkono na wakubwa. Tafuta jina la kitendo hicho mwenyewe, mimi la adabu sina.

Sikugombezi kwa kuogopa moto. Hata mimi ningeuogopa, na bawa la ndege si kitanda kwamba mtu mmoja atalisogeza. Nakugombeza kwa yaliyofuata. Ulikuwa na miguu ya kukufikisha nyumbani, ukapata nguvu ya kuficha ndoo na maji ya kuoga, ila sauti ya kuita jirani ndiyo ikakosekana. Ulipima faini ya msituni na roho ya mtu, ukaona faini ndiyo nzito. Usiniulize kama Getruda angepona. Sijui, na wewe hujui, na kutojua huko utakaa nako. Pole, baba. Nasema pole kwa moyo wangu, kwa sababu naona umejihukumu kabla yangu, ila hukumu ya kujikunyata kitandani haimsaidii mtoto.

Sasa fanya hivi. Panda treni kabla ya siku ya kikao, usingoje kikao chenyewe, maana si haki mama wa watu ayasikie haya kwanza mbele ya wageni. Nenda na Leonia. Nendeni asubuhi, mwombe Mama Tekla amwite ndugu yake wa kike akae karibu naye. Mweleze tangu ulipokuwa juu ya mti, bila kuruka lile la kibali. Maneno ya mwanawe mpe kwa Kinyamwezi kama yalivyotoka, usiyapambe wala usiyapunguze. Usitangulie kulia, maana ukilia wewe itambidi yeye akubembeleze. Usimwombe msamaha siku hiyo. Atakapouliza, mjibu kila analouliza, ila habari ya mikono na udongo usiianze wewe. Asipoiuliza, ibaki kwako. Mrudishie kanga, na akikataa kuipokea usishindane naye.

Ukitoka hapo nenda kwa padri wako, kisha kwa Bwana Shauri ukaseme uliingia msituni bila kibali. Akikutoza, lipa. Na Leonia usimlaumu kwa kutaka kurudi Choma. Mwanamke aliolewa na mtu, akajikuta analala na siri.

Bi. Mwamvita

AMETUANDIKIA TENA

Bi. Mwamvita, shikamoo. Nilikwenda. Mama Tekla alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Rudia maneno yake." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nilirudia mpaka sauti ikanikauka, naye kila mara alikuwa akiitikia kwa kichwa pale ninapofika kwenye jina la Eustace. Hakuniuliza habari ya mikono. Aliniuliza kama mwanawe alikuwa analia, nikamwambia hapana, alikuwa anaongea kama mtu anayeagiza kitu dukani. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa."

Kisha akaniambia, "Kesho utayasema hivyohivyo mbele yao. Baada ya hapo usije tena nyumbani kwangu."

Kikaoni niliyasema. Baba yake Eustace akaniuliza, "Na wewe alipokuomba umsaidie ulifanya nini?" Nikamjibu, "Nilikimbia." Mjomba wa huyo baba mwenyewe, mzee Ngollo, ndiye aliyemwambia, "Mtu hawezi kujitukana hivi mbele ya watu ili akudanganye wewe. Mwache mtoto." Akamwacha.

Bwana Shauri amenitoza faini na mizinga imebaki huko msituni. Leonia bado yuko nami, ingawa haongei sana. Kanga ilipokelewa. Eustace amebaki Kanyenye na bibi yake, na baada ya kikao mimi na mke wangu tulikwenda stesheni wenyewe, hakuna aliyetoka kutusindikiza.