Sinki la Gari la Watalii

Jumanne

Sinki lile limenimaliza. Gari la watalii, lile lenye jiko na kitanda ndani, linaondoka kesho alfajiri, mimi ndiye wa kuliandaa, na maji yalikuwa yakishuka kidogo kidogo. Nilimwaga maji ya moto, nikafungua bomba la chini ya sinki, safi tu. Na Neema alikuwa hajanyonya tangu mchana.

Nikamgombeza dereva Elia mbele ya wenzake: "Umemwaga loshoro humu, mahindi na maziwa mgando yameziba."

"Mama Neema, hata chai sijapika. Labda ni nilivyopaki."

Kweli, alikuwa amelipaki kwenye mteremko wa Sekei, tundu la kutolea maji likiwa upande wa juu. Maji yangepandaje Mlima Meru? Elia akalisogeza gari mahali tambarare, maji yakaisha mara moja.

Nimemwomba radhi mbele ya wenzake hao hao. Nimemwambia pia asipaki pale tena.

Neema amelala kwenye titi. Naandika kwa mkono mmoja, naogopa kumwamsha.