Maua Yaliyobaki kwa Beseni

Misiera, Jumatano usiku, 2011

Rangi yangu haina kosa! Kule Mbarara niliiacha ile rahisi ya kupaka nyumba, nikachagua ya kitambaa. Nikachora maua kwa kitambaa cha meza cha mteja, yakakauka, nikapiga pasi upande wa nyuma ili yashike. Halafu leo mke wa afande ananipigia kelele mbele ya wanawake wote wa kambi ya jeshi:

"Mama Furaha, rangi yako iko bure! Nimefua mara moja, maua yote imebaki kwa beseni!"

Nikamuuliza kabla ya kuniletea kile kitambaa cha meza alikifanya nini.

"Nilitia wanga ya muhogo, kama uniform ya afande. Nikuletee kitu imelegea?"

Mungu wangu. Na mimi ule ugumu nilidhani ni upya wa dukani. Rangi ilikaa juu ya wanga, haikufika kwa uzi.

Wanawake wale wakinikataa, nitauza fasi gani? Nikameza hasira, nikamweleza polepole. Akaitikia, "Sawa, nimeelewa," akaingia ndani, akanitolea kitambaa kingine.

"Hii nimeweka wanga kidogo tu."

Nimekifikisha nyumbani sasa. Kiko pale kwenye kona, kimesimama chenyewe.