Bahari Yako Ilipotulia

Bwaise, Kampala

Mwanangu Sadik,

Assalamu alaikum. Uniwie radhi kwa kukaa kimya. Kila asubuhi nasoma utabiri wa bahari yenu ya Aktiki: dhoruba, mawimbi makubwa, barafu kuganda juu ya meli za uvuvi. Sikutaka habari hii ikukute kazini katika hali hiyo. Dada yako Lailah alinikemea: "Baba, bahari ile haitulii. Utamficha mpaka lini?"

Leo wametabiri shwari. Mama yako amefariki. Tulimzika Bombo, na arobaini yake imekwishapita.

Hapa maji ya mvua yameingia tena sebuleni. Nimeyachota peke yangu. Lailah anataka nihamie kwake. Nikishaamua nitakuandikia, safari hii bila kungoja.

Baba yako,
Muhamadi